Usajili wa muda na usimamizi wa wanafunzi na watarajali wa radiolojia, Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wanafunzi wa fildi (mafunzo ya vitendo) na watarajali wapya (wahitimu walio kwenye mwaka wa mazoezi kazini) wanapoingia kwenye hospitali za ukanda wetu, kuanzia KCMC na Mawenzi hapa Moshi hadi Mount Meru kule Arusha, simu na meseji ninazopata ni zilezile. Nimeyaweka majibu mahali pamoja. Kuna maswali nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiko vijana wanakokwama, na mengine hayakuhitaji zaidi ya mistari miwili.

Nimemaliza chuo na nina cheti. Kwa nini tena naambiwa nitafute usajili wa muda?

Cheti kinathibitisha kwamba umefaulu masomo. TCU na NACTVET hushughulika na chuo na mtaala wake, basi. Ruhusa ya kumhudumia mgonjwa hutolewa na baraza la wataalamu wa radiolojia na picha za tiba, lile tunaloliita MRIPC, lililo chini ya Wizara ya Afya na linalofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2007.

Mtarajali bado hajapewa usajili kamili. Anapewa wa muda, nao una masharti mawili makubwa: ufanyie kazi kwenye hospitali uliyopangiwa, na uwe chini ya mtu mwenye usajili kamili na leseni ambayo haijaisha muda. Watu wengi hukariri sharti la kwanza na kulisahau la pili. Karatasi yako peke yake, bila msimamizi, haikuruhusu kubonyeza kitufe.

Na mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, yupo fildi tu?

Huyo hana leseni ya aina yoyote. Yupo kwa barua ya chuo na ukarimu wa hospitali. Kila picha anayopiga ni picha ya msimamizi wake, na jambo likiharibika atakayeitwa ni msimamizi. Ndiyo maana ukiona radiografa mzee (mtaalamu wa kupiga picha za eksirei) anakuwa mkali juu ya vitu vidogo, usidhani anakuonea. Anailinda leseni yake, na ana haki.

Utarajali ni wa muda gani?

Miezi 12. Unawahusu zaidi wahitimu wa shahada. Wa stashahada sehemu kubwa ya mafunzo yao ya vitendo imo ndani ya masomo, kwenye fildi, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa kuhusu usimamizi inawahusu vilevile.

Maombi yangu yamekwama. Tatizo huwa ni nini?

Majina. Mara tisa kati ya kumi ni majina. Kidato cha nne uliandikwa kwa jina la babu, chuoni ukaandikwa la baba, na NIDA wakaweka yote matatu kwa mpangilio wao. Huku Kilimanjaro, ambako mtu anaweza kuwa na jina la ubatizo, la baba na la ukoo, na kila shule ikachagua lake, tatizo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lishughulikie kisheria ukiwa bado mwaka wa mwisho, usisubiri mpaka wenzako wameshapangiwa vituo.

Tatizo la pili ni vyeti vilivyopigwa picha kwa simu juu ya kitanda cha hosteli, kivuli cha mkono kikiwa juu ya mhuri. Nenda stesheneri ukaviskani.

Ada inalipwaje?

Kwa kontrolo namba, kama malipo yote ya serikali. Mtu akikwambia umtumie pesa kwenye namba yake binafsi "akusukumie faili", huyo anakula hela yako.

Inchaji (mkuu wa idara) ameniambia nianze kazi, karatasi itakuja baadaye. Nianze?

Usianze. Najua ni vigumu kumkatalia inchaji siku ya kwanza, tena pengine idara ina watu watatu na foleni imefika kwenye korido. Yapo mengi unayoweza kufanya kihalali ukiwa unasubiri: kusukuma machela, kupanga foleni, kujifunza rejista, kukaa nyuma ya kioo chenye madini ya risasi, kinachozuia mionzi, ukitazama. Kazi yenyewe ya kumpiga mtu mionzi isubiri.

Mwambie hivi: "Shikamoo mkuu. Niko tayari kusaidia kila kitu, ila kwenye mashine naomba tusubiri namba yangu itoke." Hakuna inchaji mwenye akili atakayekuchukia kwa hilo. Akikuchukia, tayari umejua utakuwa chini ya mtu wa namna gani, na swali la kusimamiwa lililo mbele linakuhusu zaidi.

Kusimamiwa maana yake ni nini hasa? Msimamizi wangu anasema ananisimamia kwa sababu yupo jengoni.

Hapa ndipo kwenye kiini, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Chukua picha ya kifua, ambayo ndiyo kazi ya kwanza ya kila mtu. Siku za mwanzo unasimama nyuma ya msimamizi unatazama anavyosoma fomu ya daktari na anavyomuuliza mgonjwa ataje mwenyewe majina yake matatu na umri. Hamwambii "wewe ndiye fulani?" Bibi wa Rombo aliyekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi ataitikia jina lolote ilimradi amalize aende zake.

Baadaye mnabadilishana nafasi. Wewe ndiye unayempanga mgonjwa kwenye stendi: kidevu juu, mikono kiunoni, mabega yasukumwe mbele ili mifupa ya mabawa itoke juu ya mapafu, mashine iwe umbali wa sentimita 180. Msimamizi yuko pembeni. Anaangalia kama alama ya kulia au kushoto umeiweka upande wake. Anaangalia kV na mAs ulizochagua (nguvu na kiasi cha mionzi), maana mzee aliyekonda kwa kifua kikuu hapigwi kwa kipimo cha mfanyabiashara mwenye kitambi. Akiridhika anakwambia piga. Baada ya picha kutoka anaiangalia kabla mgonjwa hajavaa shati.

Huo ndio usimamizi wa moja kwa moja, na thamani yake yote iko kabla ya mionzi kutoka. Mtu anayekuja jioni kuangalia picha 40 ulizopiga tangu asubuhi amekagua kazi yako, jambo zuri, lakini wagonjwa 40 wameshapigwa.

Ukishapimwa kwa aina moja ya picha na kuandikiwa kwamba umeiweza, msimamizi anaweza kurudi nyuma kidogo akawa chumba cha pili, mahali ambapo ukiita anasikia na kufika mara moja. Kuwepo jengoni si lazima kuwe ni hivyo. Mtu aliye kantini ghorofa ya chini, au OPD (kwa wagonjwa wa nje) anapiga soga, yuko jengoni, na hakusikii.

Kumbuka pia kwamba kuiweza picha ya kifua hakukufanyi uwe umeiweza nyonga. Kila aina ina kipimo chake. Vijana wakali hukwama hapo: wiki ya tatu ameshasifiwa kwa vifua na mikono, anapoletewa shingo ya majeruhi anaona aibu kuita.

Zamu ya usiku tunabaki watarajali peke yetu. Tufanyeje?

Usiku ndipo mipango yote mizuri ya usimamizi huvunjika, na nitasema wazi kwamba mtarajali asiyepimwa kupangwa usiku peke yake ni kosa la aliyeandika ratiba. Uhaba wa watumishi ni wa kweli, naujua, lakini mgonjwa wa saa nane usiku ndiye mgumu kuliko wote.

Fikiria anavyoletwa. Kijana wa bodaboda amegongwa njia ya Himo. Fomu ina mistari minne: shingo, kifua, nyonga, paja la kushoto. Ananuka pombe, analia, anajitupa. Ndugu zake wawili wameingia mpaka ndani ya chumba cha mashine. Daktari anapiga simu kutoka emajensi anataka picha sasa hivi. Picha ya shingo ya mtu kama huyu hupigwa akiwa amelala vilevile alivyoletwa, mashine ndiyo inayogeuzwa ije kwa ubavuni, na kola ya shingo haiguswi mpaka daktari aseme. Mtarajali anayetafuta picha nzuri kama ya kitabuni akamgeuza mgonjwa, anaweza kumwachia ulemavu wa maisha. Hilo haliko kwenye mionzi kabisa, na ndiyo maana nasema usajili wa muda hauhusu kubonyeza tu.

Kwa hiyo, kabla ya zamu kuanza, pata mambo matatu kutoka kwa inchaji, na yawe kwa maandishi, hata kama ni kwenye daftari la makabidhiano: nani yuko kwenye wito usiku huo, anafika kwa dakika ngapi, na picha zipi huruhusiwi kuzigusa mpaka afike. Jina la mtu anayeishi Bomang'ombe na hana usafiri usikubali liandikwe kama msimamizi wa usiku Moshi mjini. Akikosekana mtu wa karibu, daktari wa zamu aambiwe mapema ni picha gani zinawezekana na zipi zitasubiri.

Je, msimamizi anaweza kunisimamia kwa WhatsApp?

Ushauri anaweza kukupa. Kukusimamia, hapana. Picha ya simu ya skrini ya kompyuta, yenye mng'ao wa taa juu yake, haimwonyeshi kama ulimpanga mgonjwa sawasawa wala kama ulipunguza uwanja wa mionzi ukabaki eneo linalotakiwa.

Kisha kuna hili la siri. Picha ya mgonjwa ina jina, umri na namba ya faili pembeni. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti. Kundi lenu la WhatsApp la watu 60, wakiwemo waliokwishahama hospitali, si mahali pa kuweka fuvu la mtu. Mara nyingi zaidi hili hutokea kwa wagonjwa wa mlimani. Mgeni ameshushwa Kilimanjaro mapafu yamejaa maji kwa sababu ya kupanda haraka, picha yake inavutia kweli kweli, na kabla ripoti haijaandikwa imeshafika kwenye makundi matatu. Usiwe wewe.

Picha imeharibika. Narudia mwenyewe kimyakimya au namwita msimamizi?

Mwite, hata kama aina hiyo ya picha umeshapimwa ukaiweza. Marekani, chombo kinachokagua vyuo vya radiografia, JRCERT, kina kanuni inayosema mwanafunzi anaporudia picha lazima radiografa awepo chumbani, haijalishi amefika hatua gani. Naikubali kanuni hiyo asilimia mia na naitumia kwa wanafunzi wangu. Sababu ni rahisi: kama ungekuwa unajua ulikosea wapi, pengine usingekosea. Ukirudia bila kujua, utapata picha mbaya ya pili na mgonjwa amekula mionzi mara mbili bure.

Kuna mtego mwingine ambao kizazi cha filamu hatukuwa nao. Zamani ukizidisha mionzi, filamu ilitoka nyeusi tii na kila mtu chumbani alijua. Ukipunguza, ikatoka nyeupe. Mashine za kidijiti husawazisha mwanga zenyewe. Ukipunguza mno utaona chengachenga, lakini ukizidisha mara mbili picha inatoka safi, inang'aa, na unapongezwa. Basi taratibu, mwezi baada ya mwezi, mtarajali anajikuta anapandisha mAs ili asipate lawama ya chengachenga. Dawa yake ni kusoma ile namba ya kipimo cha mionzi ambayo mashine huandika pembeni mwa kila picha, na kuilinganisha na kiwango cha mtengenezaji. Muulize msimamizi wako namba hiyo iko wapi kwenye mashine yenu. Kama naye anaitafuta, mtakuwa mmejifunza wawili.

Andika kila picha iliyorudiwa na sababu yake. Idara isiyo na orodha ya picha zilizorudiwa ina mtu anayezifuta.

Beji ya mionzi ni lazima kwa mwanafunzi? Na nani anaitoa?

Ndiyo, kwa yeyote anayefanya kazi kwenye eneo la mionzi mara kwa mara, maana ndiyo inayorekodi mionzi unayopata. Anayeshughulika na vipimo hivyo ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, iliyopo kwa sheria ya mwaka 2003, na sisi wa kaskazini tuna bahati kwamba ofisi na maabara zake ziko hapa Njiro, Arusha. Mashine yenyewe nayo lazima iwe na leseni ya Tume. Kwa maneno mengine, ndani ya chumba kimoja kuna leseni za pande mbili: baraza linaangalia mtu, Tume inaangalia mashine na mionzi. Mojawapo ikikosekana, kazi haitakiwi kufanyika.

Viwango vya kimataifa vya IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomu, ni hivi. Mfanyakazi wa mionzi hatakiwi kuzidi milisivati (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5 mfululizo, wala kufika zaidi ya 50 katika mwaka wowote mmoja. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 hadi 18 kikomo chake ni 6 kwa mwaka, na chini ya miaka 16 haruhusiwi kabisa. Mtu wa kawaida mtaani ni 1. Radiografa wa picha za kawaida anayejikinga nyuma ya kioo hubaki chini sana ya kikomo chake, kwa hiyo usiogope kazi. Ukiona namba yako imepanda, kuna tabia fulani inayotakiwa kubadilika.

Namna ya kuivaa: kifuani, ndani ya aproni ya risasi. Usiazimane. Usiivae wewe mwenyewe ukienda kupigwa picha kama mgonjwa. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, kwa sababu beji hizi husomwa kwa kupashwa joto, na jua la mchana linaweza kufuta kile kilichotakiwa kusomwa maabara. Usiiache kwenye koti ukalipeleka kwa dobi. Na aproni ikitundikwa ndani ya chumba cha mashine, beji isibaki juu yake. Mahali fulani, sitapataja, niliona beji tatu zimening'inia kwenye aproni moja ndani ya chumba, wiki nzima. Wenyewe walikuwa likizo. Ripoti ya robo ile ya mwaka ilipokuja walionekana wamepata mionzi kuliko watu waliokuwa kazini, na ikaandikwa barua ya maelezo ndefu kuliko ripoti.

Aproni nazo zisikunjwe. Risasi ya ndani hupasuka kwenye mkunjo, na kwa nje huoni kitu.

Nimegundua nina ujauzito katikati ya utarajali. Nitafukuzwa?

Hapana, na usifiche. Mjulishe inchaji na msimamizi wa usalama wa mionzi mapema, kwa maandishi. Viwango vya IAEA vinasema kutoa taarifa ya ujauzito kusiwe sababu ya kumwondoa mwanamke kazini. Mwajiri anatakiwa kurekebisha mazingira ya kazi ili mtoto aliye tumboni apate kinga ileile ya mtu wa kawaida, yaani ile milisivati 1. Kwa vitendo, unaondolewa kwenye chumba cha upasuaji na mashine ya wodini, unabaki nyuma ya kioo, au unahamishiwa utrasaundi kwa muda. Miezi ya mzunguko (zamu ya kupita kila kitengo) uliyoikosa inapangwa upya.

Mtoto analia, hatulii. Nimshike?

Usimshike wewe. Mtumishi akizoea kushika watoto anakusanya mionzi ya kila mtoto. Kwanza jaribu mikanda na mito ya mchanga. Ikishindikana, ashike mzazi au ndugu aliyevalishwa aproni, mikono ikiwa nje ya uwanja wa mionzi, na akiwa mama umeshamuuliza kama ni mjamzito. Mwanafunzi asigeuzwe mkanda wa kumfungia mtoto, hata kama ndiye mdogo kazini.

Utrasaundi na MRI hazina mionzi ya eksirei. Huko naruhusiwa kufanya peke yangu?

Kukosekana kwa mionzi ya eksirei kunaondoa beji kwenye hesabu. Msimamizi anabaki palepale. Kwenye utrasaundi picha ni ya yule aliyeshika proubu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi. Asichokiona yeye, hakuna atakayekiona baadaye. Mtarajali akimwambia mama mjamzito "mtoto yuko salama" kwa sababu hakuona tatizo, hilo haliwezi kurekebishwa na daktari bingwa anayesoma picha mbili zilizochapishwa.

MRI ni habari nyingine kabisa. Sumaku yake iko hai saa 24, hata mashine ikiwa haina mgonjwa. Mtungi wa oksijeni, mkasi, kiti cha magurudumu, vyote huruka. Mwanafunzi asiingie kabla hajajaza fomu ya usalama kama mgonjwa, na asimwingize mtu mwingine yeyote.

Naruhusiwa kuandika ripoti?

Hapana. Ukiona mapafu yamesinyaa au mfupa umevunjika waziwazi, mwambie msimamizi na daktari aliyeomba picha, mara moja, usisubiri ripoti. Huo ni wajibu. Ripoti ni ya daktari bingwa wa radiolojia.

Mgonjwa amekataa kupigwa picha na mwanafunzi.

Ana haki. Jitambulishe kabla: jina lako, kwamba uko mafunzoni, na kwamba fulani yuko hapa anakusimamia. Wengi hukubali wakiambiwa ukweli. Wanaokasirika ni wale wanaogundua katikati, wakishavua nguo.

Zahanati moja mjini inaniita nikapige deiwaka jioni, mashine wanayo, mtu hawana. Nina usajili wa muda. Niende?

Usajili wa muda umefungwa kwenye kituo chako na msimamizi wako. Ukivuka geti, huna. Naelewa posho inachelewa na kodi ya chumba haisubiri, lakini jiulize kwa nini zahanati ile yenye mashine haina mtu mwenye leseni. Siku ya ukaguzi mwenye zahanati atasema alidhani umesajiliwa.

Rafiki yangu kutoka Ulaya anakuja kujitolea Moshi miezi miwili, ni radiografa kamili kwao. Anaweza kuanza siku anayofika?

Hawezi. Leseni ya kwao haivuki mpaka. Atahitaji ruhusa ya muda ya baraza letu kwa wageni, aombe kabla hajapanda ndege, na kibali cha Uhamiaji ni karatasi tofauti ambayo haichukui nafasi ya ile ya baraza. Akiwa bado mwanafunzi huko kwao, hapa naye ni mwanafunzi tu, anasimamiwa kama wa kwetu. Nasisitiza hili kwa sababu ukanda wetu unapokea wageni wengi wa kujitolea, na kuna hulka ya kumwachia mgeni mashine kwa sababu tu ni mgeni, huku mtarajali wetu wa mwezi wa nane anaambiwa akae pembeni.

Nataka kwenda Marekani. Wahitimu wa huko nao wana leseni ya muda?

Inategemea jimbo. Yapo yanayompa mhitimu leseni ya muda akisubiri mtihani wa ARRT, chombo cha huko kinachowapima na kuwapa vyeti radiografa, na mengine hayana kitu hicho. ARRT, iliyoanzishwa 1922, humpa mtu nafasi tatu za mtihani ndani ya miaka mitatu. Tangu 2015 inadai pia angalau shahada ndogo ya miaka miwili ya chuo, na kwa kawaida inataka uwe umesoma kwenye programu inayoitambua. Kwa hiyo mtu anayekuuzia "leseni ya muda ya Marekani" ukiwa bado Arusha anauza hewa.

Daftari langu la vitendo halijasainiwa tangu mwezi wa pili. Nikisubiri mwisho wa mwaka yasainiwe yote pamoja, kuna tatizo?

Kubwa. Anayekagua akiona saini 200 za wino uleule na mwandiko uleule wa siku moja, anajua. Na msimamizi akihamishiwa Tanga mwezi wa kumi, utamfuata stendi? Sainisha kila Ijumaa, hata kama ni kwa kumvizia mlangoni.

Msimamizi wangu ananiachia kazi zote anaondoka. Nimshtaki?

Anza kwake mwenyewe, kwa adabu, faragha. Usimkosoe mbele ya wagonjwa wala kwenye kundi la WhatsApp. Tumia lugha ya kuomba: "Kaka, naomba uwepo tunapofanya nyonga na shingo, bado sijaziweza." Maneno hayo ni magumu kuyakataa. Huku ukiendelea kuandika tarehe na zamu kwenye daftari lako. Isiposaidia nenda kwa inchaji, kisha mratibu wa watarajali wa hospitali, na mwisho baraza. Ngazi zisirukwe bila sababu. Sababu ipo kama unalazimishwa kufanya jambo la hatari kwa mgonjwa usiku wa leo. Hapo mpigie mratibu palepale.

Miezi 12 imeisha lakini usajili kamili haujatoka. Hospitali inaniomba niendelee kusaidia.

Usajili wa muda ukifika tarehe yake umefika. Kuendelea kupiga picha baada ya hapo ni sawa na kuanza kabla haujatoka. Kama unaona mwezi wa kumi na moja umeingia na bado una mzunguko haujaukamilisha, omba kuongezewa muda mapema, kwa barua ya mratibu. Wengine peleka maombi ya usajili kamili wiki ileile unayopata barua ya kumaliza, ukiwa na daftari lililosainiwa. Kabla ya kuondoka rudisha beji kwa msimamizi wa usalama wa mionzi na uombe nakala ya rekodi zako za dozi. Hospitali utakayokwenda itazihitaji, na kuzifuatilia ukiwa Sumbawanga ni kazi.